Bakteria wa Tumbo, Usugu wa Dawa na Jenomu Zao: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Haya ni maswali ambayo wagonjwa, wazazi, wanafunzi na wahudumu wa afya huuliza zaidi kuhusu bakteria wanaoshambulia matumbo na dawa zinazoanza kushindwa kuwaua. Baadhi yanajibika kwa sentensi mbili tatu. Mengine yanataka kisa chake chote.

Dawa iliniponya mwaka juzi, safari hii imeshindwa. Je, mwili wangu umeizoea?

Hapana. Anayekuwa sugu ni bakteria, si wewe. Dozi ileile, ndani ya mwili uleule, inaweza kumaliza homa ya matumbo mwaka mmoja na kushindwa kabisa mwaka mwingine, kwa sababu bakteria waliokuingia mara ya pili si wale wa kwanza. Hawa wamebeba vinasaba vinavyowakinga. Ndiyo maana hata mtoto ambaye hajawahi kupewa antibiotiki tangu azaliwe anaweza kupata maambukizi sugu tangu siku ya kwanza ya kuugua. Amekunywa maji yenye bakteria ambao usugu wao ulizaliwa tumboni mwa mtu mwingine, pengine katika nchi nyingine.

Nimeliweka swali hili mwanzo kwa makusudi. Anayeamini kwamba mwili ndio uliozoea huona usugu ni shida yake binafsi, akaitatua kwa kubadili vidonge au kuongeza dozi. Ukishajua kwamba usugu ni mali ya bakteria, na kwamba bakteria husafiri, mengine yote katika ukurasa huu yatakuwa rahisi kuyaelewa.

Ni bakteria gani hasa tunaowazungumzia?

Salmonella Typhi anayeleta homa ya matumbo, jamaa zake Salmonella wengine wanaosababisha kuhara, Shigella wa kuhara damu, Vibrio cholerae wa kipindupindu, Campylobacter, na aina kadhaa za Escherichia coli. E. coli wengi ni wakazi wa kawaida wa utumbo na hawana ubaya wowote. Wachache ndio wamejaliwa silaha za kuumiza.

Kumbuka kwamba sehemu kubwa ya kuhara kwa watoto husababishwa na virusi, kama rotavirusi na norovirusi. Kwa hao antibiotiki haina kazi kabisa, iwe na usugu au bila usugu.

Bakteria anaishindaje dawa?

Njia kuu ni chache. Anaweza kutengeneza kimeng'enya kinachoivunja dawa kabla haijafanya kazi. Hivyo ndivyo vimeng'enya vya jamii ya beta-laktamasi vinavyoimaliza ampisilini, na vile vyenye nguvu zaidi vinavyoimaliza seftriaksoni. Anaweza kuisukuma dawa nje kwa pampu zilizomo kwenye utando wake. Anaweza kupunguza matundu ambayo dawa hupitia kuingia. Na anaweza kubadili umbo la kile ambacho dawa inakilenga, ikawa kama kufuli lililobadilishwa huku ufunguo ukibaki uleule.

Njia hii ya mwisho inastahili kutazamwa kwa karibu, maana inaonyesha jinsi tofauti ndogo inavyotosha. Siprofloksasini hufanya kazi kwa kukikamata kimeng'enya kinachokunja na kukunjua DNA ya bakteria, yaani maandishi ya kemikali yanayobeba maelekezo ya mwili wake. Maelekezo ya kukitengeneza yako kwenye jeni (kipande cha DNA) iitwayo gyrA. Kwa Campylobacter, badiliko moja tu la herufi, linalogusa asidi amino (tofali la kujengea kimeng'enya) ya 86, latosha kuifanya dawa isifae. Salmonella Typhi hupanda kwa ngazi: badiliko la kwanza, mara nyingi kwenye nafasi ya 83, hupunguza nguvu ya dawa, likiongezeka la pili kwenye nafasi ya 87 na lingine kwenye jeni ya parC, dawa huanguka. Kati ya mamilioni ya herufi, mabadiliko matatu tu.

Usugu unatokaje kwa bakteria mmoja kwenda kwa mwingine?

Kwa njia mbili. Ya kwanza ni urithi wa kawaida: bakteria sugu akijigawa, watoto wake wote huwa sugu. Ya pili ndiyo iliyowashangaza wanasayansi, nayo ilifumbuliwa Japani kwenye miaka ya 1950.

Wakati huo wagonjwa wa kuhara damu walikuwa wakitibiwa kwa salfa, streptomisini, tetrasaiklini na kloramfenikoli. Madaktari wakaanza kukutana na Shigella waliokuwa sugu kwa dawa zote nne kwa pamoja. Jambo hilo halikueleweka. Ikiwa usugu huja kwa badiliko moja moja la bahati, uwezekano wa manne kutokea kwa mpigo ni mdogo mno. Tena, mgonjwa mmoja aliweza kuwa na Shigella sugu na Shigella wasio sugu wa aina ileile, na E. coli wa tumboni mwake nao wakawa na usugu uleule. Mwaka 1959 watafiti wa Japani walichanganya maabara E. coli sugu na Shigella wasio sugu, na Shigella wakatoka wakiwa sugu. Usugu ulikuwa umehama, kutoka jamii moja ya bakteria hadi nyingine, kwa kugusana tu.

Kilichohama kinaitwa plasmidi. Ni kiduara kidogo cha DNA kinachokaa pembeni ya kromosomu, yaani DNA kuu ya bakteria, na kinaweza kubeba jeni za usugu wa dawa nyingi zilizopangwa mkia kwa mkia. Bakteria mwenye plasmidi hujiunganisha na jirani, hutoa nakala, na jirani hubaki nayo. Yeye mwenyewe hapotezi chochote. Wapo pia virusi wanaoambukiza bakteria ambao hubeba vipande vya DNA toka kwa mmoja hadi kwa mwingine. Sumu yenyewe ya kipindupindu, kama ilivyogunduliwa mwaka 1996, maelekezo yake yako ndani ya jenomu ya kirusi kilichojipachika kwenye Vibrio cholerae.

Hapa ndipo ninapowaomba wasomaji wakae kidogo. Utumbo wa binadamu una matrilioni ya bakteria waliosongamana. Mtu anapomeza antibiotiki kwa ajili ya mafua, ambayo ni ugonjwa wa virusi, dawa hiyo haiendi kwenye pua peke yake. Inashuka tumboni, inaua E. coli wasio sugu, inawaachia nafasi walio sugu. Hawaumizi kitu siku hiyo. Lakini plasmidi zao ziko pale, zikisubiri Shigella au Salmonella apite.

Jenomu ni nini?

Ni maandishi yote ya DNA ya kiumbe, kuanzia herufi ya kwanza hadi ya mwisho. Herufi zenyewe ni nne tu: A, T, G na C. Binadamu ana takriban bilioni 3. Salmonella Typhi ana kama milioni 4.8, E. coli wa maabara milioni 4.6, Campylobacter milioni 1.6. Vibrio cholerae ana milioni 4 zilizogawanyika katika kromosomu mbili, jambo lisilo la kawaida kwa bakteria.

Jenomu ya kwanza ya bakteria kusomwa yote ilichapishwa mwaka 1995, ya Haemophilus influenzae. E. coli ikafuata mwaka 1997, Vibrio cholerae na Campylobacter mwaka 2000, na Salmonella Typhi mwaka 2001. Ile ya 2001 ilitoka kwa bakteria aliyepatikana kwa mgonjwa nchini Vietnam, naye tayari alikuwa na plasmidi iliyosheheni usugu. Kitu kingine kilichoonekana humo ni zaidi ya jeni 200 zilizovunjika, zisizofanya kazi tena. Salmonella huyu amejifungia kwa binadamu tu, hivyo ameacha kutunza zana alizozihitaji babu zake kuishi ndani ya wanyama wengine.

Jenomu husomwaje?

Kwanza choo au damu ya mgonjwa huoteshwa maabara, na bakteria anayetafutwa hutengwa peke yake. DNA yake hutolewa, husafishwa, kisha huingizwa kwenye mashine. Mashine zinazotumika zaidi husoma vipande vifupi vya herufi 150 hadi 300, vipande mamilioni, na programu ya kompyuta huviunga kwa kutafuta vinapopandiana. Baada ya hapo jenomu hulinganishwa na hifadhidata za jeni za usugu zinazojulikana, na hulinganishwa pia na jenomu za bakteria wengine ili kujua jamaa zake ni akina nani.

Kuna kikwazo ambacho wanafunzi hukutana nacho mapema. Jeni za usugu mara nyingi zimezungukwa na mifuatano inayojirudiarudia, na vipande vifupi haviwezi kuvuka marudio hayo. Utajua kwamba jeni ipo, lakini usijue kama iko kwenye kromosomu au kwenye plasmidi. Tofauti hiyo ni kubwa: ya kwenye kromosomu hurithishwa kwa watoto, ya kwenye plasmidi inaweza kuhamia kwa bakteria wa jamii nyingine. Mashine mpya zinazosoma vipande virefu vya maelfu ya herufi zimeondoa sehemu kubwa ya kikwazo hiki, na baadhi ni ndogo kiasi cha kutoshea mkononi.

Kipimo cha kawaida cha usikivu wa dawa hakitoshi?

Kwa kumtibu mgonjwa mmoja, mara nyingi kinatosha. Maabara huotesha bakteria kwenye sahani, huweka juu yake vipande vya duara vya karatasi vyenye dawa mbalimbali, na kesho yake hupima upana wa eneo ambalo bakteria wameshindwa kuota. Ni kipimo cha zamani, cha gharama nafuu, na bado ni cha kuaminika. Ningependa kila hospitali iwe nacho kabla haijafikiria mashine ya jenomu.

Ila kipimo hicho husema tu kwamba dawa imeshindwa. Hakisemi kwa nini, wala usugu umetoka wapi. Tazama kilichotokea Pakistan. Kuanzia Novemba 2016, mji wa Hyderabad katika jimbo la Sindh ulianza kuona homa ya matumbo isiyosikia kloramfenikoli, ampisilini, kotrimoksazoli, siprofloksasini wala seftriaksoni. Sahani za maabara zilionyesha hilo waziwazi. Jenomu, zilizochapishwa mwaka 2018, ndizo zilizoeleza chanzo. Bakteria walikuwa wa ukoo uitwao H58, ambao ulikwisha kusambaa Asia na Afrika ukiwa tayari na usugu wa dawa za zamani. Ukoo huo ulikuwa umepokea plasmidi ya ziada yenye jeni mbili nzito: blaCTX-M-15 inayovunja seftriaksoni, na qnrS inayopunguza nguvu ya siprofloksasini. Plasmidi hiyo ilifanana na zile za E. coli.

Zingatia hapo: bakteria wa homa ya matumbo walipokea zawadi kutoka kwa bakteria wa kawaida wa tumboni. Ni kisa cha Japani kilekile, miaka sitini baadaye, na safari hii kimeandikwa herufi kwa herufi. Dawa ya kumeza iliyobaki kwa wagonjwa wale ilikuwa moja, azithromisini. Zaidi ya hapo ni karbapenemu, dawa za sindano.

Jenomu husaidiaje kufuatilia mlipuko?

Bakteria anapojigawa hufanya makosa machache ya kunakili. Vibrio cholerae wa mlipuko wa dunia wa sasa, ulioanza Indonesia mwaka 1961, hukusanya wastani wa mabadiliko matatu hivi ya herufi kwa mwaka katika jenomu yake yote. Salmonella Typhi ni mpole zaidi, hata moja kwa mwaka hafikishi. Kwa hiyo ukikuta bakteria wa wagonjwa wawili wanatofautiana kwa herufi moja au mbili tu, ujue chanzo chao ni kimoja au kiko karibu sana. Wakitofautiana kwa mamia, hawahusiani.

Haiti ndiyo mfano ambao sitausahau. Oktoba 2010, miezi tisa baada ya tetemeko la ardhi, kipindupindu kililipuka katika nchi ambayo haikuwa imekiona kwa takriban karne nzima. Wapo waliosema bakteria walitoka baharini, wakichochewa na hali ya hewa. Wananchi walioishi kando ya mto walisema walitoka kwenye kambi ya walinda amani wa Umoja wa Mataifa waliotoka Nepal. Mwaka 2011 jenomu za bakteria wa Haiti zilipowekwa kando ya zile za Nepal, baadhi zilitofautiana kwa herufi moja au mbili. Wananchi walikuwa wamesema kweli. Watu zaidi ya laki nane waliugua na karibu elfu kumi walikufa. Desemba 2016 Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Ban Ki-moon, aliwaomba radhi.

Mwaka 2011 Ujerumani nayo ilipigwa na E. coli wa aina ya O104:H4. Waliougua walizidi 3,800, na zaidi ya 50 walikufa, wengi wao baada ya figo kushindwa kufanya kazi. Matango ya Hispania yalilaumiwa mwanzoni bila haki, kumbe chanzo kilikuwa mbegu za uwatu zilizooteshwa na kuliwa mbichi. Jenomu ilisomwa ndani ya siku chache na kuwekwa wazi mtandaoni, na wanasayansi wa nchi mbalimbali wakaichambua kwa pamoja. Walikuta E. coli wa jamii inayong'ang'ania ukuta wa utumbo, aliyepata kirusi chenye jeni ya sumu ya Shiga, na juu ya hayo akawa na plasmidi ya blaCTX-M-15. Silaha mbili ambazo kwa kawaida hukaa kwa bakteria tofauti zilikutana kwa mmoja.

Je, usugu ulianza baada ya binadamu kugundua antibiotiki?

Ulikuwepo kabla. Antibiotiki nyingi zinatokana na kuvu na bakteria wa udongoni, ambao wamekuwa wakipigana kwa kemikali hizo kwa mamilioni ya miaka. Penye silaha pana ngao.

Ushahidi mmoja unagusa moyo. Mwaka 1915, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, askari wa Uingereza alikufa kwa kuhara damu katika hospitali ya kijeshi huko Wimereux, Ufaransa. Bakteria wake, Shigella flexneri, walihifadhiwa na baadaye wakawa sampuli namba moja katika hifadhi ya taifa ya bakteria ya Uingereza. Jenomu yao ilisomwa na kuchapishwa mwaka 2014. Bakteria hao walikuwa tayari sugu kwa penisilini, miaka 13 kabla Alexander Fleming hajaigundua, na sugu pia kwa erithromisini, ambayo haikuanza kutumika hadi miaka ya 1950.

Kwa hiyo sisi hatukuuumba usugu. Tulichofanya ni kuupalilia: tumewaua wasio nao kila mahali, tukawaachia shamba walio nao.

Dawa za mifugo zinahusika kweli?

Zinahusika, na jenomu zimefanya iwe vigumu kukana. Novemba 2015 watafiti nchini China walitangaza jeni iitwayo mcr-1, inayowapa bakteria usugu wa kolistini, dawa inayowekwa akiba kwa maambukizi yaliyokataa karibu kila kitu. Waliipata kwenye plasmidi ya E. coli wa nguruwe, kisha kwenye nyama, kisha kwa wagonjwa. Kolistini ilikuwa ikichanganywa kwenye chakula cha mifugo ili wanenepe. Watafiti wa nchi nyingine walipopekua jenomu walizokwisha kuzihifadhi, jeni hiyo ilikuwa imekaa humo bila kutambuliwa. China ilipiga marufuku matumizi hayo ya kunenepesha mwaka 2017.

Kabla ya hapo, mwaka 2005, Marekani ilikuwa imeondoa enrofloksasini kwenye ufugaji wa kuku, kwa sababu Campylobacter wa kuku walikuwa wakiwafikia watu wakiwa sugu kwa siprofloksasini, dawa ya jamii ileile.

Kumtibu mnyama mgonjwa ni haki yake. Kumlisha mnyama mzima antibiotiki ili anenepe haraka sioni kama kuna hoja ya kutetea jambo hilo.

Jenomu inaweza kudanganya?

Inaweza kusomwa vibaya. Jeni ya usugu inaweza kuwepo lakini imezimwa, au imevunjika, na dawa ikafanya kazi vizuri. Kinyume chake, bakteria anaweza kuwa sugu kwa mbinu ambayo bado haimo kwenye hifadhidata yoyote, na programu ikatoa jibu la kupendeza lisilo la kweli. Mcr-1 iliyokaa kwenye kumbukumbu bila kutambuliwa ni mfano tosha. Maabara nzuri hupima yote mawili, sahani na jenomu, na majibu yakipingana huanza kuuliza maswali. Mara nyingi ni kwenye kupingana huko ambako jeni mpya hugunduliwa.

Tatizo jingine ni upande gani wa dunia unaosomwa. Nchi zenye wagonjwa wengi wa homa ya matumbo na kipindupindu ndizo zenye jenomu chache kwenye hifadhidata. Ukoo unaoonekana "umeanzia" mahali fulani wakati mwingine umeanzia tu pale palipokuwa na mashine.

Nikiharisha, ninywe antibiotiki?

Mara nyingi, hapana. Kuhara kwingi huisha kwenyewe, na kinachoua ni kupoteza maji na chumvi. ORS, maji yenye chumvi na sukari, ndiyo tiba ya kwanza, na kwa watoto huongezwa zinki. Hata kwa kipindupindu, kinachookoa maisha ni maji yaliyorudishwa mwilini. Antibiotiki hufupisha ugonjwa kwa walio mahututi, haichukui nafasi ya maji.

Kuna hali zinazohitaji mhudumu wa afya bila kuchelewa: damu kwenye choo, homa kali au inayodumu, mtoto asiyeweza kunywa au anayetapika kila kitu, macho yaliyozama, kulegea, kukosa mkojo. Kuhara damu kwa Shigella na homa ya matumbo hutibiwa kwa antibiotiki, na kuchelewa ni hatari.

Usijiandikie dawa wakati kuna damu. Baadhi ya E. coli wenye sumu ya Shiga nao huleta damu, na kwa hao baadhi ya antibiotiki zinaweza kuongeza hatari ya figo kufeli. Kwa macho huwezi kuwatofautisha na Shigella. Isitoshe, antibiotiki yenyewe inaweza kuleta kuhara, kwa kufyeka bakteria wema na kumfungulia njia bakteria mwingine wa kuhara, Clostridioides difficile.

Bado ni kweli kwamba lazima nimalize dozi?

Meza kama ulivyoandikiwa, kwa siku ulizoandikiwa. Utafiti umeonyesha kwamba kwa maambukizi kadhaa dozi fupi inatosha kama ndefu, na miongozo inabadilika taratibu kufuata ushahidi huo. Lakini huo ni uamuzi wa mtaalamu anayejua bakteria gani anatibiwa. Kwa homa ya matumbo hasa, kuacha siku ya tatu kwa kuwa homa imeshuka kunakaribisha ugonjwa kurudi. Na vidonge vilivyobaki visiwekwe akiba kwa ajili ya ndugu.

Tukiacha kutumia dawa fulani, usugu utaondoka?

Wakati mwingine. Kubeba plasmidi kunamgharimu bakteria nguvu, na dawa ikikosekana wasio nayo wanaweza kuwashinda mbio. Sehemu kadhaa za Asia ya Kusini zilipoacha kutegemea kloramfenikoli, Salmonella Typhi wanaoisikia walianza kurudi. Lakini si sheria. Mabadiliko ya gyrA karibu hayamgharimu bakteria chochote, hivyo yeye hana sababu ya kuyaacha. Baadhi ya jeni za plasmidi zimehamia kwenye kromosomu, ambako zimepata makazi ya kudumu.

Azithromisini nayo inatia wasiwasi. Nchini Bangladesh jenomu zimeonyesha Salmonella Typhi ambaye badiliko moja kwenye jeni ya pampu, acrB, limemfanya aitoe dawa hiyo nje. Mtu akikuuliza kwa nini wataalamu wanahimiza isitumike ovyo, jibu ndilo hilo: kwa homa ya matumbo sugu, nyuma yake hakuna dawa nyingine ya kumeza.

Chanjo zina uhusiano gani na usugu?

Mkubwa kuliko watu wanavyodhani. Chanjo haijali kama bakteria ni sugu au la. Chanjo mpya ya homa ya matumbo, iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2018, hufundisha mwili kuitambua sukari inayomfunika bakteria, wala haigusi njia za dawa. Pakistan ilikuwa nchi ya kwanza kuiingiza kwenye chanjo za kawaida za watoto, mwaka 2019, ikianzia Sindh. Hata chanjo ya rotavirusi husaidia: mtoto asiyeharisha hapewi antibiotiki asiyoihitaji.

Maji safi na vyoo hufanya kazi hiyohiyo. Plasmidi nyingi husafiri kwenye kinyesi.

Tatizo hili ni kubwa kiasi gani?

Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2022 yalionyesha kwamba mwaka 2019 usugu wa bakteria wa kila aina ulisababisha moja kwa moja vifo milioni 1.27 duniani. Kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2024, Salmonella na Shigella walio sugu kwa jamii ya siprofloksasini wamewekwa kundi la kipaumbele cha juu.

Karatasi yangu ya maabara ina S, I na R. Ni nini?

S ni dawa inayotarajiwa kufanya kazi kwa dozi ya kawaida. R ni sugu. I huchanganya wengi: kwa mfumo wa Ulaya, tangu 2019, maana yake ni kwamba dawa inaweza kufanya kazi ikitolewa kwa dozi ya juu zaidi, si "nusu sugu". Mwachie daktari aamue.

Naweza kuomba jenomu ya bakteria wangu isomwe?

Kwa kawaida hapana, na kwa matibabu yako huihitaji. Jenomu husomwa na maabara za taifa na za utafiti kwa ajili ya kufuatilia milipuko, kutokana na sampuli zilizooteshwa hospitalini. Unachoweza kuomba, na ninakuhimiza uombe, ni choo kioteshwe, au damu kama inashukiwa homa ya matumbo. Sampuli itolewe kabla ya kidonge cha kwanza cha antibiotiki. Ukishameza, bakteria wanaweza kushindwa kuota kwenye sahani hata kama bado wako mwilini, na kisipoota kitu, hakuna cha kupima wala cha kusoma.